Kadi ya Choo

Kipindupindu kilipoingia Isenge, mikutano ilipigwa marufuku. Lakini kisima kimoja cha msaada kilisubiri uamuzi wa kijiji: kichimbwe sokoni, au kule mwaloni, ambako wanawake huosha mchanga wa dhahabu bwawani na kunywa maji ya bwawa hilo hilo. Viongozi wakaja na dawa yao: mkutano ufanyike, ila aingie mwenye kadi ya choo tu. Choo kiwe na shimo, ukuta, na kibuyu chirizi cha kunawia, kinachomwaga ukikanyaga kamba, chenye maji safi. Sokoni kila nyumba ilikuwa navyo. Mwaloni watu waliishi kwenye maturubai.

Nyamizi, Mama Kabula, ndiye aliyekuwa mdomo wa mwalo. Wenzake wakisimama mbele za watu, Kiswahili huwakimbia. Bintiye alikuwa ametoka kambi ya wagonjwa juzi tu, bado hajiwezi. Nyamizi hakutaka kusikia habari ya kushindwa. Waume zao hushuka duarani, ndani ya mgodi, mita themanini kutafuta dhahabu, alisema, shimo la choo ni kitu gani? Kwa siku mbili mashimo thelathini yalichimbwa na kuzungushiwa viroba. Kilichobaki ni maji, na kuni ziliwatosha kuchemsha dumu moja tu.

Wakaamua dumu hilo litembee. Asubuhi ya mkutano, Onesmo, bwana afya, alianza ukaguzi, na kila alipoinama kuandika kadi, Asteria, mmoja wa wenzake Nyamizi, alinyonya kwa mpira maji ya kibuyu kilichokwisha kukaguliwa na kuyakimbiza kwenye kinachofuata. Uongo mtupu, na mtamu. Tatizo ni kwamba Onesmo alikuwa mtu wa kazi yake: kila kibuyu alikikanyagia kamba, akanawa mpaka viwikoni. Nyamizi alihesabu kila tone linalomwagika. Alikuwa amesisitiza choo chake kiwe cha mwisho.

Onesmo akakanyaga kamba. Kibuyu kikakohoa, kikanyamaza.

"Mama Kabula, hiki hakina maji."

"Nipe dakika moja."

Ndani ya turubai mlikuwa na jagi la maji ya dawa, chumvi na sukari, yaliyochanganywa kwa ajili ya Kabula. Nyamizi alilinyanyua. Mtoto alilifuata kwa macho yaliyoingia ndani, midomo imepasuka. Nyamizi akalirudisha chini, akatoka mikono mitupu.

Mkutanoni wanawake ishirini na tisa waliingia na kadi zao. Wafanyabiashara wa sokoni waliongea, wakaongea vizuri. Wakulima, ambao hawakuwa na upande, waligeuka kuusikiliza mwalo. Asteria alisimama, akafungua mdomo, akatazama nyuma kwenye kamba iliyozungushiwa mkutano, alikosimama Nyamizi asiye na kadi, akaketi.

"Maji tunayokunywa ndiyo yanayotuua!" Nyamizi alipaza sauti.

Mgambo alimsogelea, tena kwa heshima.

"Mama, neno la nje ya kamba haliandikwi."

Mikono ikahesabiwa. Wakulima walinyoosha pamoja na sokoni, na kisima kikaenda huko.

Nyamizi alirudi mwaloni bila kumngoja mtu. Alimkalisha Kabula, akamnywesha maji yale kikombe kwa kikombe, mpaka jagi likaisha. Hakujuta hata kidogo, na hilo ndilo lililomliza. Kisha akachukua ndoo, akaenda bwawani kuchota ya jioni.