Wa Pili Anatosha

Asubuhi haijaisha, na Kuramochi, mkufunzi wa farasi wa mbio, alikuwa ameshafuta ubao mara nne. Ubao wenyewe ulikuwa ofisini kwake, kwenye mabanda ya farasi ya Ritto, Japani, na alipanga juu yake mbio za farasi mmoja tu: Iwatsubame, dume wa miaka mitatu ambaye banda zima lilimwita Tsubame. Chini kabisa kulikuwa na neno asilothubutu kuligusa, Derby, mbio kubwa kuliko zote za farasi wa umri huo. Yale ya juu yake ndiyo yaliyokuwa yakimtoa roho.

"Utautoboa huo ubao, mwalimu," alisema Orihara, mama aliyemlisha na kumsugua Tsubame tangu aletwe. "Mbio iliyobaki ni moja. Unafuta nini?"

"Nafikiri."

"Ungekuwa unafikiri ungekaa."

Hakukaa. Alizunguka meza, akafungua kopo la kahawa, akaliacha hapo likapoa. Mke wake alikwisha kuzoea. Alisema nyumbani kwao hakuna mto uliowahi kulaliwa hadi ukapata joto.

Lakini tusimwonee, alikuwa na sababu. Derby inachukua farasi kumi na wanane basi, na nafasi zinakwenda kwa walioshinda sana. Tsubame alishinda mbio mbili ndogo za majira ya baridi, halafu mwezi wa tatu akabanwa kwenye kona, wenzake wamemziba mbele na ubavuni, akatoka wa nne. Mlango ukafungwa. Kilichobaki ni mbio ya majaribio kule Tokyo, wiki nne kabla ya siku yenyewe. Hapo wa kwanza na wa pili wanapewa nafasi. Wa tatu anapewa pole.

Na Tsubame hakujua kukimbia nusu. Akitoa, anatoa vyote, kisha anaisusia ndoo ya chakula kama kilichomo kimemtukana. Baada ya ile ya mwezi wa tatu mbavu zake zilihesabika. Kuramochi alipoziona alimkumbuka farasi wake mwingine, wa miaka mingi nyuma, aliyempeleka Derby kwa kumkimbiza mbio tatu mfululizo majira hayohayo na kuzishinda zote. Siku ya Derby uzito wake, uliopungua mno, ukatangazwa kwenye vipaza sauti, kama unavyotangazwa wa kila farasi, na jukwaa zima likaguna kabla hata mbio hazijaanza. Akamaliza wa mwisho. Tangu siku hiyo mzani ndio ukawa dini ya Kuramochi.

Mchana Bibi Tomabechi wa Hokkaido, mwenye farasi, akampigia simu. Alikuwa na farasi majike sita tu na maumivu ya mgongo, na wanunuzi walipomjia kumtaka Tsubame angali mtoto, aliwapa chai akawafungia mlango.

"Atafika, mwalimu?"

"Atafika, bibi. Na akifika atakuwa na nguvu zake."

"Mimi nimeshaambia watu. Usinitie aibu kijijini, wanachonga sana hawa."

Alicheka, naye Kuramochi akacheka, kisha akarudi ubaoni akaandika tena kilekile alichokuwa amekifuta.

Siku ya majaribio, Tokyo, uzito wa Tsubame ulitangazwa: pungufu kilo mbili tu, pamoja na safari yote ile ya lori. Kuramochi alijisikia mwepesi kama kijana. Wakati farasi wakizungushwa mbele ya watu, alimsogelea Sakaki, mpanda farasi wao, akaongea kwa sauti ya chini. Kumwambia mpanda farasi asishinde ni kosa, leseni inakwenda. Kwa hiyo hakusema hivyo.

"Mwishoni usimkamue. Mrudishe mzima."

"Tukiwa wa pili?"

"Wa pili anatosha."

Orihara, ameshika kamba, alisikia. Alingoja Sakaki apande, ndipo akasema, "Wewe umeshafika Derby, mwalimu. Sisi bado tupo kwenye hii."

"Shika kamba, mama."

Mbio ikaanza vizuri mno, na hicho ndicho kinachouma. Tsubame alikaa wa tano, kalegea, hapigani na lijamu. Walipoingia kwenye mnyoosho ule mrefu wa Tokyo akapanda kilima kama anatoka kununua mkate, akawapita watatu. Mbele yake akabaki mmoja, aliyeshakwenda zake. Sakaki akatazama kushoto, akatazama kulia, hakuona mtu. Mikono yake ikatulia. Fimbo hakuinyanyua. Kuramochi, jukwaani, aliyekuwa akihamahama mguu kwa mguu tangu asubuhi, kwa mara ya kwanza akasimama tuli. Alifurahi, jamani. Alifurahi kabisa.

Yule farasi wa kijivu alitokea nje kabisa, upande wa watazamaji, farasi ambaye hakuna aliyemwekea hata yeni. Mpanda wake alikuwa akimsukuma kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Sakaki alimsikia kwato zikiwa zimebaki hatua chache. Akainama, akasukuma, na Tsubame akaitika papo hapo, lakini kibao cha mwisho kikawa kimeshapita.

Picha ikatazamwa. Ikachukua muda. Wa pili, yule wa kijivu, kwa tofauti ya pua tu; Tsubame, wa tatu.

Sakaki alishuka bila kumtazama mtu usoni. "Alikuwa nazo nyingi bado, mwalimu," alisema. "Samahani. Alikuwa nazo nyingi." Orihara akashika kamba, akampeleka Tsubame bandani. Tsubame hakuwa hata na jasho shingoni. Alipopewa ndoo aliikomba yote, akaigonga kwa kwato kudai nyingine.

Simu ikalia. Kuramochi alitoka nje ya banda, akapokea, akainama mara mbili tatu kana kwamba bibi yuko mbele yake.

"Ameumia?" Bibi Tomabechi aliuliza.

"Hapana, bibi. Hajaumia."

"Amechoka?"

Kuramochi akageuka kuitazama ndoo iliyokombwa. "Hapana," akasema. "Hajachoka. Anakula. Yuko mzima kabisa."

Kwenye simu akasikia majike wakilia mbali huko malishoni kwa bibi.

"Kumweka mzima," bibi akasema taratibu, "hata mimi ningeweza, mwalimu, hukuhuku. Wewe nilikupa umkimbize."