Alivyomwachia Mungu Vidonge

Jamani, kuna maneno ya kufariji ambayo yakiingia kwenye sikio lililochoka yanageuka sumu. Fundi cherehani mmoja, mama wa binti mmoja tu, alipewa neno la namna hiyo akalipokea kwa mikono miwili.

Binti alikuwa na kifafa. Miaka sita anameza vidonge asubuhi na jioni, na bado mara mojamoja anaanguka. Mama ameomba mpaka magoti yameota sugu. Siku moja, huku akikunja pindo la sketi ya shule, alimwambia jirani yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Maombi:

"Dada, nimechoka. Huyu Mungu ananisikia kweli, au naongea na dari?"

"Ishia hapo hapo! Usikufuru. Shida yako unashikilia mno. Mwachie Mungu."

"Nimwachie yote?"

"Yote, mdogo wangu. Ukishika wewe, yeye ashike wapi?"

Mama Maombi akaenda zake sokoni. Fundi akabaki mguu juu ya pedeli, cherehani kimya. Kumbe ndiyo maana! Kila kidonge anachompa mtoto ni kama kumwambia Mungu usoni: sikuamini. Akachukua kopo la dawa, akalisukuma juu ya kabati, nyuma ya vipande vya vitambaa.

"Leo humezi, mwanangu. Tumemwachia Mungu."

Binti alikuwa na miaka kumi na tano na mdomo usiopitwa. "Na yeye ameambiwa, mama, au tunamshtukiza?"

"Hebu nyamaza!"

Siku ya kwanza, shwari. Ya pili, shwari. Ya tatu fundi alishona huku anaimba. Ya nne, saa nne asubuhi, binti alikuwa anashona vifungo, akadondoka kutoka kwenye stuli, uzi bado umezunguka kidole. Siku nyingine kifafa kikimshika huwa kinamwachia upesi. Safari hii kilimwachia kidogo, kikamrudia kabla hajafumbua macho. Kikamrudia tena. Mama alipiga yowe, wapita njia wakambeba mtoto mbiombio mpaka hospitali.

Walimchoma sindano, mwili ukatulia, lakini hakuamka. Daktari akauliza, "Dawa zake anameza?"

"Anameza," fundi akasema. Neno lilitoka lenyewe, aibu ndiyo iliyolisukuma.

"Hajaruka hata siku moja?"

"Hata moja."

Daktari akakuna kichwa. "Basi dawa hiyo imemkataa. Itabidi tumbadilishie, tuanze upya na nyingine."

Mama Maombi alikuwa ameshafika, kanga begani, anasali kwa sauti. Fundi alitaka kusali naye, ulimi ukagoma. Unamwombaje Mungu uponyaji huku umemdanganya tabibu ambaye yeye mwenyewe amemweka mbele yako? Akasema moyoni, Baba, siombi muujiza. Nipe mdomo tu.

"Daktari! Nimekudanganya. Siku nne hajameza. Mimi ndiye niliyemwachisha."

Sala ya Mama Maombi ikakatika katikati. "Umefanya nini?"

"Si uliniambia nimwachie Mungu yote?"

"Wasiwasi, mama wee! Nilisema uache wasiwasi, sio vidonge! Mimi mwenyewe nameza vya presha kila nikiamka!"

Nesi alimtazama fundi kwa jicho ambalo hatalisahau. Daktari hakugomba. Alikata alichokuwa ameandika, akaagiza binti arudishiwe dawa yake ile ile kwa mshipa. "Ungenyamaza," alisema, "tungekuwa tunatibu kitu kisichokuwepo."

Alasiri binti alifumbua macho. Mama akamrukia. "Mwanangu!"

Binti alimwangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekosea mlango. "Wewe nani?"

Nesi akasema kichwa kimechoka, huenda fahamu zikarudi kesho, huenda zikachelewa, hakuna wa kuahidi. Mama Maombi akaanza kulia. Fundi hakulia. Alivuta kiti, akaushika mkono wa mtoto, mkono uliolala tu bila kumshika.

"Mimi ni mama yako," akamwambia. Kisha akamwomba Mungu, bila kumpangia siku, na alipomaliza akamwita nesi, akamuuliza dozi inayofuata ni saa ngapi.