Alisema Amemuua Kaku

Shule zilipofungwa mwaka ule wa korona, Princesse alikuwa na miaka kumi, na nyumba yao ya Kikula ikaanza kuwa ndogo. Baba yake, Godefroid, alizoea kushinda njiani akinunua mawe ya madini kwa wachimbaji wa upande wa Shinkolobwe. Sasa barabara zilifungwa, wanunuzi wakubwa wakaondoka, na yeye akabaki lupangoni, uani kwake, kutwa nzima kwenye kiti cha plastiki, akikodolea macho lango. Mama yake, Suzanne, bado alienda sokoni na nyanya zake, akarudi nazo nusu zimeoza. Mwanzoni waligombana kwa kunong'ona. Baadaye waliacha kunong'ona.

Princesse alilala chumba kimoja na bibi yake, Kaku Émilienne, mama yake Godefroid. Mchana mmoja walikuwa wanakula, redio ikiwa imewashwa kama kawaida, na sauti ya mwanamume ikasema kwamba mtoto anaweza kubeba ugonjwa bila kusikia lolote mwilini, akampa mzee, mzee akafa. Godefroid alisonya, akatafuta muziki. Hakuna aliyeona kwamba Princesse ameacha kutafuna.

Tangu siku hiyo alinawa. Alinawa kabla ya kula, baada ya kula, baada ya kugusa mlango, baada ya kugusa ndoo yenyewe. Alitumia sabuni ya kufulia mpaka ngozi kati ya vidole ikapasuka. Suzanne, aliyebeba maji yale kichwani toka bombani, alimpiga kofi.

"Unazania maji inatoka mbinguni?"

Jioni Princesse alihamishia mkeka wake jikoni.

"Mujukulu wangu ananikimbia," Kaku alisema. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Suzanne, ninanuka?"

Baridi ya mwezi wa sita ilipofika, kifua cha Kaku kilikamatwa kama kila mwaka. Safari hii hakikumwachia. Walimpeleka hospitali, na huko akafa.

Kilio kilikatazwa. Hakuna aliyelala lupangoni na wafiwa, hakuna aliyeimba. Maiti ilitoka mochwari moja kwa moja mpaka makaburini, watu wachache wakasimama mbalimbali kama wasiojuana. Waliporudi, jirani yao Clémentine alikuja na sahani ya bukari na sombe, ugali na kisamvu. Ndipo Princesse akatokea mlangoni mwa jikoni na kusema, kwa sauti ya mtu anayesoma darasani:

"Ni minye nilimuua Kaku."

Clémentine alibaki na sahani mkononi.

"Unasema nini?" Godefroid aliuliza.

"Ni minye, papa."

Clémentine hakuiacha ile sahani. Aliondoka nayo. Kesho yake, Suzanne alipopita barabarani na nyanya zake, wanawake walinyamaza, na mmoja akamvuta mtoto wake ndani.

Kisha Samy, mdogo wake Princesse, akashikwa na homa. Alikuwa na miaka mitatu, na kila siku alikuwa akibebwa mgongoni na dada yake. Sasa Princesse alikataa kumgusa. Alikataa hata kuingia chumbani. Alisimama nje ya dirisha, mikono nyuma, akimwangalia mtoto anavyohema, muda mrefu, bila kupepesa. Suzanne aligeuka akamkuta pale. Alimwogopa binti yake mwenyewe. Alifunga dirisha.

Makanisa yalikuwa yamefungwa, lakini Pasteur Étienne alipita lupango kwa lupango na kikundi chake cha maombi. Siku aliyofika kwao, Clémentine alikuwa nyuma yake. Pasteur alikaa kwenye kiti cha Godefroid, akamsimamisha mtoto mbele yake. Hakupaza sauti. Alikuwa mpole kabisa.

"Princesse, ni weye ulimuua kaku yako?"

"Ndiyo, pasteur."

"Na huyu Samy?"

Mtoto akaanza kulia. "Sipendi afe. Njo maana simufikie karibu."

Pasteur aliwageukia wazazi. "Munasikia? Yeye mwenyewe anasema. Siyo minye."

Aliagiza mtoto afungiwe kwenye chumba cha makala, kile cha kuwekea mkaa, bila chakula wala maji, mpaka Jumapili, siku ya délivrance, ya kumtoa uchawi. Mtu yeyote asiseme naye, maana kile kilichomo ndani yake kinapita katika maneno.

Godefroid alifunga kufuli kwa mkono wake. Lilimponyoka akaliokota.

"Papa Princesse," Suzanne alisema, "ni mutoto wako."

"Mama yangu alikufa. Samy anaungua. Unapenda nifanye nini?" Alikuwa analia, na hakujificha.

Asubuhi alitoka kutafuta mishumaa aliyoagizwa na pasteur. Suzanne alibaki na Samy mapajani, akisikiliza. Kule kwenye makala hakukuwa na kilio wala kugonga. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo tu, wa kitu kinachosuguliwa. Alienda akapiga magoti mlangoni. Kupitia ufa wa mbao alimwona mtoto anajisugua mikono kwa vumbi la makala, kwa kuwa maji hakuwa nayo.

Neno lile alilokatazwa kusema lilimtoka.

"Princesse. Ulimuua kaku na nini?"

Kusugua kukakoma.

"Na maji."

"Maji gani?"

"Hamukukuwa ku nyumba. Nilikuwa ninapangusa Samy mafua. Kaku akaita, alikuwa anakohoa mubaya, akasema maji, maji. Nikakimbia na kikombe. Sikunawa, mama. Nilisahau kunawa. Ku redio balisema mutoto anaweza kuua muzee."

Suzanne aliweka paji la uso kwenye mbao. Hapo ndipo alipoelewa mkeka wa jikoni, na dirisha, na ile ndoo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameuliza.

Alipoinuka, Godefroid alikuwa nyuma yake na mishumaa ndani ya mfuko. Alikuwa amesikia. Alikaa chini, pale pale kwenye udongo.

"Avenue muzima balishajua," alisema. "Pasteur atakuja kesho na bantu."

"Bakuje. Habatamukuta."

Godefroid alimtolea ufunguo. Suzanne alimwosha mtoto yale makala, akamfunga kitenge kichwani na barakoa usoni, wakapanda pikipiki mpaka Kakontwe, kwa kaka yake Casimir, mfanyakazi wa machimbo ya chokaa. Mke wa Casimir, Tina, hakuuliza mengi. Alimpikia uji, akakaa naye alipokuwa ananawa, na baada ya majuma kadhaa Princesse alikubali kula kwenye sahani moja na wengine.

Samy alipelekwa kituo cha afya. Ilikuwa malaria. Alipewa dawa, akapona.

"Munaona?" Pasteur Étienne aliwaambia watu. "Mulozi alitoka mu nyumba, mutoto akapona."

Hakuna aliyetaka kusikia habari za malaria. Godefroid aliambia kila aliyeuliza kwamba binti yake yuko Kolwezi, kwa shangazi.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa walipokuja wanawake wawili wa kikundi cha maombi, wamevaa vizuri, wakitabasamu. Walisema wanamwombea Princesse. Walitaka tu kujua hali yake.

"Iko Kolwezi," Godefroid alisema.

Samy alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa miguuni pao. "Hapana," alisema. "Yaya Princesse iko kwa yomba Casimir. Kule kwenye mawe meupe."

Wale wanawake walimshika Samy shavu, wakaaga. Suzanne na Godefroid waliwasikia wakiharakisha barabarani, na hawakuwa wanaelekea makwao.

Godefroid alivaa viatu bila soksi. Hakuna mwenye pikipiki aliyekuwa karibu, akaanza kukimbia. Alifika Kakontwe ametapakaa vumbi jeupe, akamkuta Princesse uani anamsaidia Tina kuchambua maharagwe. Alitaka kumwita, pumzi ikakataa. Akavuta kigoda, akakiweka katikati ya lango.

Walifika jua likiwa bado juu: wale wanawake wawili, Clémentine, na vijana wanne wa kanisa.

"Papa Godefroid," mmoja wa vijana alisema, "tunakuja kukusaidia."

"Mutoto wangu hatoke hapa."

"Yeye mwenyewe alikubali. Mbele yako."

"Alikuwa anaogopa. Hata minye nilikuwa ninaogopa. Murudie."

Casimir na wenzake wawili wa machimbo walikuja kusimama nyuma yake, bado na nyundo zao. Vijana walitazamana. Clémentine alinyoosha shingo kuchungulia ua, akamwona Princesse, na akafanya ishara ya msalaba upesi upesi.

"Sawa," kijana alisema. "Tutarudia na pasteur."

Waliondoka bila haraka, wakiongea kwa sauti ya chini. Mmoja wao alikuwa anahesabu milango, ili wasije wakaikosa nyumba.