Bomba Ndani ya Bomba

Siku ya tatu maji machafu yalipofurika kutoka chooni hadi jikoni, mshonaji alimwendea msimamizi wa ile mashine iliyotoboa chini ya mtaa mzima kupitisha bomba la nyaya.

"Mama, sisi hatuchimbi mitaro. Tumeingilia shimo la kule, tukatokea la huku. Uani kwako umeona hata kovu?"

"Kwa hiyo choo changu kimeziba chenyewe, kwa wivu?"

"Labda wajukuu wametupa matambara."

Damu ilimchemka. Miaka kumi na tisa choo kile hakijamwaibisha hata mara moja! Yeye na shemeji yake wakashika majembe, wakafukua ua mpaka shimo likawafika kiunoni. Wakaliona bomba jipya la rangi ya chungwa, limelitoboa bomba la choo ubavuni na kutokea upande wa pili, kama uzi kwenye tundu la sindano.

Msimamizi alipoitwa alichungulia. Shemeji akaweka msumeno juu ya lile la chungwa.

"We mzee, usiguse! Hilo bomba letu!"

"Ahaa, leo limepata baba," mshonaji akasema. "Basi ingia shimoni, baba mtu, umtoe mwanao chooni kwangu."