Aliyebaki Kando ya Ziwa la Kijani

Vahwere alikuwa akiuza samaki waliotoka Kasenyi mbele ya nyumba yao, mtaa wa Shari, siku Blanchard alipopita. Hawakuwa wameonana tangu vita vilipowakimbiza kutoka Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori. Zamani Blanchard alibeba mizigo ya watalii pamoja na Constant, mtoto wa kwanza wa Vahwere. Honoré, mume wa Vahwere, ndiye aliyekuwa akiwaongoza.

Constant alikufa mlimani miaka tisa iliyopita, akiwa na miaka ishirini na mitatu. Honoré alirudi bila yeye. "Aliteleza ku barafu, pale Ziwa la Kijani," alisema. "Alikufa palepale." Hawakuweza kumteremsha, wakamzika kulekule juu, chini ya mawe. Vahwere hakuwahi kuliona ziwa lile. Alichokuwa nacho ni neno moja tu, palepale: mtoto hakuteseka.

Blanchard alipewa kiti na maji. "Mama, mpaka leo sauti yake iko mu masikio yangu," akasema. "Vile alikuwa anatuambia tushuke tu."

"Alikuwa anasema? Saa gani?"

Blanchard aliweka kikombe cha maji chini. Maneno yalikuwa yameshatoka, hakuna wa kuyarudisha.

Honoré aliporudi alimkuta mkewe amekaa, samaki hawajafunikwa, nzi wamejaa.

"Baba Constant, mutoto yetu alikufa namna gani?"

Alivua kofia. Hakuuliza nani aliyemwambia.

Mguu wa Constant ulivunjika, akasema. Theluji ilikuwa inaanguka, mawingu yameshuka mpaka kwenye maji, mtu haoni hata mkono wake. Mtalii mmoja alikuwa anatapika, hawezi tena kusimama, kwa sababu ya urefu wa mlima. Nyumba ya kulala ilikuwa mwendo wa saa tatu kule chini, na hawakuwa na nguvu za kubeba wawili. Honoré alimsogeza mwanawe chini ya mwamba, kando ya ziwa, akamfunika koti lake mwenyewe, akashuka.

"Niliwaza nitarudia mbele ya jua kuingia. Mawingu ilinikatalia. Nilifika asubui."

"Ukamukuta?"

"Alikuwa amekaa. Macho yake iko inaangalia njia."

"Mbona ulinidanganya?"

"Ningekuambia nini? Nikuambie nilichagua mutu mugeni, nikaacha wetu?"

Siku nne alimpikia bila kumsemesha. Ya tano akaenda parokia, kwa Sandrine, aliyekuwa akiandika maombi ya misa. Kila mwaka waliandikisha vilevile: Constant, aliyeanguka mlimani. Safari hii Vahwere alimtajia maneno mengine. Sandrine aliinua kalamu, akamtazama usoni, kisha akaandika.

Jumapili padri akasoma: "Tumuombee Constant, aliyekufa kwa baridi kando ya ziwa, akimngoja baba yake."

Watu wa Mutwanga waliokuwa kanisani waligeuka. Honoré aliweka paji la uso kwenye benchi la mbele, akalia kwa sauti, mwanaume wa miaka sitini na miwili.

Vahwere alikuwa amepanga kutoka na kumwacha pale. Hata mfuko alikuwa ameshaushika. Lakini akauweka tena chini. Alikaa kando yake, hakumgusa, mpaka kanisa likabaki tupu.

"Alikuambia nini, saa ulimuacha?"

"Alisema: 'Papa, enda na bale batalii. Miye niko bien, usiogope.'"

"Na weye?"

"Nilimuambia ninarudia."

Vahwere alifunga upya kitambaa chake kichwani, akatoka, akatembea mbele bila kugeuka. Jioni hiyo alihamisha mkeka wake chumbani kwa binti yao Jemima, na analala huko mpaka leo. Chakula cha Honoré bado anakiweka mezani kila siku, cha moto, amekifunika. Kisha anatoka nje, anakaa kibarazani mpaka mumewe amalize kula.