Mbuzi Wasioshika Bluu

Ukungu wa Butembo ulipoachia mabati, Florentine alipanda ngazi akapanga chupa zake juu ya paa la jikoni. Ndani ya chupa mlikuwa na wengu wa mbuzi waliokufa kwa sotoka, ile tauni ya kikohozi na kamasi, uliosagwa, ukachujwa, ukatiwa matone ya ile bluu inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Kazi ya bluu ni kung'ang'ania virusi. Jua likipiga, rangi inaunasa mwanga na kuviua. Sura ya virusi tu ndiyo inayobaki, na mbuzi akidungwa sindano, mwili wake unajifunza kumtambua adui. Florentine, muuguzi wa mifugo, alikuwa amewadunga mbuzi wa mahari ya mwanawe Jéthro, na wote walikuwa wazima, wanene na wakorofi.

Mbuzi hao walikuwa wakisubiriwa Beni, kwa wazazi wa Shekinah, mchumba wa Jéthro. Mbuzi wa mahari huingia uani kwa miguu yake mwenyewe. Akibebwa, au akikohoa, hurudishwa, na bibi arusi naye hubaki kwao.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, mvua ya mawe ilivunja chupa moja. Bluu ikateremka hadi kwenye kijito ambako mtaa mzima hunawa. Kesho yake kila aliyewahi kumshika mbuzi mgonjwa aliamka na mikono ya bluu. Waliokuwa wamezika mbuzi wao walinawa, ikatoka. Ya Kataliko, mchuuzi aliyepakia mbuzi wenye kikohozi kule Kirumba, haikutoka hata kwa majivu. Wala ya Ananie, mkaguzi wa kizuizi cha barabara ya Beni, aliyekuwa akiwapigia mbuzi hao muhuri wa uzima. Mkewe alilalamikia sabuni. Mtaa ulitazama, ukaelewa, ukaendelea kununua nyama.

Muhuri wa Ananie ulipokauka wino, alimpiga mbuzi kofi la kumsukuma, na vidole vitano vya bluu vikabaki mgongoni. Madereva walisema alama hiyo inaonekana vizuri kuliko muhuri. Tangu hapo, mbuzi mwenye vidole alipita.

Florentine na Jéthro waliwaswaga mbuzi wao mpaka kizuizini. Ananie akamgusa wa kwanza, akamgusa wa pili, akawasugua wengine kwa viganja vyote viwili. Manyoya yakabaki meupe.

"Mama Docta, mbuzi yako haishike alama."

"Haishike sababu haina ugonjwa, Papa Ananie. Bleu iko inafuata ugonjwa. We mwenyewe unajua."

"Najua. Mais bila alama, hapana pita. Ni règlement, ni sheria."

Nyuma yao lori la Kataliko lilipiga honi. Mbuzi wake walikohoa, kamasi puani, kila mmoja na vidole vitano mgongoni. Ananie akainua mti wa kizuizi, akawapungia mkono.

Florentine aliwasogeza mbuzi wake kando ya barabara. Alitaka kulia, lakini mbele ya Ananie alikataa. Jéthro alimpigia Shekinah simu, kisha akaishusha taratibu.

"Anasema baba yake hatapokea mbuzi bila mukono. Beni yote iko naamini ule mukono."

Florentine alifunga kitambaa chake upya kichwani, akamgeukia Ananie.

"Nitadunga mbuzi ya Butembo yote. Siku hakuna hata moja inashika bleu, utapitisha nini?"

Ananie alifikiri kwa unyofu, kwa maana swali lilikuwa zuri.

"Nitapitisha ya Kirumba, mama."

"Basi nitafika Kirumba."

"Karibu," akasema Ananie, na hakuwa na ubaya wowote moyoni. Akarudi kivulini kula ndizi yake, ambayo nayo haikushika alama.

Nyumbani, Jéthro aliwarudisha mbuzi zizini. Florentine aliomba chupa kwa majirani, nao wakampa. Wengine kwa mikono safi, wengine kwa mikono ya bluu, na wote wakamtakia kazi njema. Jua lilikuwa bado kali. Alivaa glavu, akasaga wengu uliobaki, akachuja, akatia matone, akapanda ngazi. Paa la jikoni lilipojaa, alianza paa la nyumba. Kutoka huko juu aliona lori jingine la Kataliko likifika kizuizini, na mti ukiinuka.