Cherehani Uvunguni

Udhaifu wangu ni mmoja tu: siwezi kumnyima shemeji yangu. Huyu mdogo wa mume wangu alipata kibarua cha kutembeza wageni, basi akaja kwangu mpole kama si yeye. "Shemeji, nisitiri. Alhamisi wageni wangu wanataka kuona familia halisi. Saa tatu wanaingia, saa nne wametoka." Nikamwambia nina gauni la bibi harusi, limebaki zipu na pindo, linachukuliwa saa kumi jioni na harusi ni kesho yake asubuhi. Akaapa kwa jina la mama yake, na mama yake amekaa pale pale anasikiliza mpira redioni.

Alhamisi asubuhi akaanza kutuhamisha ndani ya nyumba yetu wenyewe. Televisheni ikafunikwa shuka. Friji ikabebwa kwa jirani na nyama yangu ndani. Cherehani yangu ya umeme, inayotulisha sote, ikasukumwa uvunguni. Mume wangu ni fundi friji. Akapewa kisu na kipande cha mti achonge, mtu ambaye hata penseli huchongewa. Mama mkwe, karani mstaafu, akapewa ungo mtupu.

"Nipepete nini?" akauliza.

"Pepeta tu, mama."

Mimi nikakabidhiwa sindano ya mkono.

Saa tatu ikapita, nne ikapita, sita ikapita. Kumbe wameshushwa kwanza kwenye maduka ya vinyago! Wageni kumi na mmoja wakaingia saa nane na nusu, jasho na tabasamu. Wakaupiga picha mkono wangu. Wakakipiga picha kidole cha mume wangu, ambacho tayari kilikuwa kinatoka damu. Kwa sindano ile, pindo lile lingeisha wiki ijayo, na cherehani iko hatua mbili tu kutoka nilipokaa. Kila nikitaka kuinuka, shemeji ananikonyeza.

Saa tisa na nusu bibi harusi akaingia, hodi na mguu ndani.

"Fundi! Unashona kwa mkono? Leo? Una akili timamu wewe?" Akaliona pindo linaning'inia, akaangua kilio. "Nitavaa nini kesho? Watu mia mbili, fundi, nitavaa nini?"

Wageni wakamgeukia shemeji. Naye, bila hata haya, akawaeleza kwa lugha yao, ambayo nami naielewa kiasi: huu ni wimbo wa baraka ambao bibi harusi humwimbia fundi wake. Wakaanza kumpigia makofi! Mtoto wa watu akalia zaidi, nao wakapiga zaidi. Mmoja akapiga magoti kabisa, ayachukue machozi vizuri kwenye simu.

Potelea mbali, nikasema. Nikazama uvunguni, nikaiburuta cherehani yangu na vumbi lake, nikachomeka waya. Ikanguruma.

Makofi yakakoma. Simu zikashuka moja moja. Mgeni mmoja akamuuliza shemeji kwa upole kama wamekosea nyumba. Shemeji akanitazama kama nimemvua nguo mbele za watu, na kweli nilimwonea huruma, lakini mguu sikuutoa kwenye pedali. Wakatoka mmoja mmoja kwenda garini. Akabaki bibi mmoja mwenye miwani, akaweka mkoba chini, akaushika mkia wa gauni usiguse vumbi. Alijua kushika, nadhani naye ni fundi huko kwao. Saa kumi na robo nikakata uzi wa mwisho, bibi harusi akanikumbatia mpaka pini zikanichoma.

Wiki iliyofuata shemeji akaja na barua ya kampuni. Kazi hawakumnyima, ila sisi tumefutwa. Akaisoma kwa sauti: "Nyumba hii iondolewe kwenye ratiba. Familia si halisi."

Mume wangu akacheka, kidole bado kina plasta. Mama mkwe akapunguza redio.

"Hebu rudia hapo."

"Familia si halisi, mama."

Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Basi waulize, mimi wa kweli anakaa wapi, nikamsalimie."